Kazi ya Kikundi Chuoni: Jina Bila Jasho ni Dhulma



Ama baada ya kumhimidi Allah (S.W.) na kumswalia Mtume wetu (S.A.W.), ndugu wasomaji, leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wazazi wengi hatulipi uzito: kazi za vikundi wanazopewa vijana wetu wanaosomea biashara vyuoni hapa Uganda.

Mwalimu huwagawa wanafunzi watano watano au sita sita, waandike mpango wa biashara na kuueleza mbele ya darasa. Alama huwa moja kwa wote. Sisi hatuupingi utaratibu huu. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe, kabla ya kupewa utume, alisafiri kwenda Sham na mali ya Bibi Khadija (R.A.): mtaji wa mmoja, kazi ya mwingine. Kijana asiyejifunza kushirikiana chuoni atajifunza sokoni, kwa hasara.

Tatizo ni namna inavyofanyika. Binti mmoja aliyesoma madrasa kwetu alitujia akilia. Kikundi chao kilikuwa cha watu sita. Kazi aliifanya yeye na mwenzake mmoja, usiku mbili bila usingizi. Wanne walileta majina tu siku ya kukabidhi, na wote sita wakapata alama sawa. Aliposema atamweleza mwalimu, aliambiwa kuwa Waislamu husitiriana.

Hapa tunataka kusema wazi. Katika ushirika wa mali, kwa madhehebu yetu ya Shafi, faida na hasara hugawanywa kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Katika mudharaba, mmoja hutoa mali na mwingine kazi, na faida hugawanywa kwa fungu walilokubaliana tangu mwanzo. Ikitokea hasara pasipo uzembe, mwenye mali hupoteza mali yake na mwenzake hupoteza jasho lake. Tazameni, ndugu zetu: hakuna anayepata fungu bila kuweka kitu.

Sasa, kazi ya chuoni haina mtaji wa fedha. Kinachowekwa ni jasho peke yake. Asiyeweka jasho hakuweka kitu, na jina lake pale juu ni ushahidi wa uongo, kwani linamwambia mwalimu, "Nami nilifanya." Kusitiriana hakuingii hapa. Kesho cheti hicho ndicho kitakachomkabidhi fedha za watu.

Tufanye nini basi? Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeamrisha madeni yaandikwe. Vijana wetu wachukue adabu hiyo. Siku ya kwanza waandike nani atafanya nini na lini, kisha watie sahihi. Mwenye ugonjwa, au anayefanya kibarua kutafuta karo, aseme mapema apewe sehemu anayoiweza. Wakutane mchana maktabani, si usiku vyumbani.

Walimu nao wampime kila mwanafunzi kwa maswali ya ana kwa ana, ili alama isiwe ya kikundi pekee. Na sisi wazazi, mtoto akirudi tusiulize tu, "Umepata ngapi?" Tuulize, "Wewe ulifanya sehemu gani?"

Binti yule tulimnasihi aanze na wenzake kabla ya kwenda kwa mwalimu. Muhula uliofuata alikuja na karatasi ya makubaliano ya kikundi kipya. Wawili walikataa kutia sahihi wakatafuta kikundi kingine. Alihuzunika kidogo. Sisi tulimwambia ashukuru, kwani washirika wa namna hiyo ni afadhali uwajue kabla mtaji haujatoka mfukoni.

Allah (S.W.) awajaalie vijana wetu kuwa wafanyabiashara waaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.