Nani Anapima Nini?

Wapo waliomcheka Philip Boit. Mkenya huyo, mkimbiaji wa mita 800, alijifunza skii Ufini mwaka 1996. Mwaka 1998, Olimpiki ya Nagano, alimaliza kilomita 10 akiwa wa mwisho, dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie, ambaye alimsubiri akamkumbatia. Eti Mwafrika na theluji wapi na wapi! Upuuzi. Skii za mashindano ni nyembamba, hazisamehe kosa. Miaka miwili haitoshi kumpima mtu juu yake, wala yeye kuzipima. Hapa Ukata nimeona mabwana wasomi wakijaribu jembe kwenye ngolo. Mteremko uliwashinda asubuhi moja tu, wakashuka wakisema kilimo hiki hakifai. Mama wa Kimatengo aliyekuwa akilima pembeni hawakumwuliza neno.