Nyota za Kale Zilizo Jirani Yetu

Kijana mmoja wa Kashaulili, mjini Mpanda, ametuandikia kuwa baba yake amemkataza kutazama nyota usiku, akidhani huko ni kupiga ramli. Mzee huyo twamheshimu, wala khofu yake si ya bure, maana neno falaki kwetu limebeba mambo mawili: hesabu ya nyota na uaguzi.

Lakini na atazame mwezi wa Juni, baada ya sala ya Isha, upande wa kusini, nyuma ya mwenye kuelekea kibla. Ataona nyota mbili zing'aazo, zilizo karibu karibu. Ile ya kushoto, ing'aayo zaidi, huitwa Alpha Centauri. Jina lake jingine, Rigil Kentaurus, limetokana na Kiarabu, nalo lataja mguu wa kiumbe wa ngano, nusu mtu nusu farasi. Nuru aionayo ilitoka huko miaka minne na kitu iliyopita. Ndilo jirani yetu wa karibu afananaye na jua.

Yuko mwingine, Tau Ceti, ambaye nuru yake husafiri miaka 12 kutufikia. Huonekana hafifu karibu na utosi nyakati za usiku mwezi wa Novemba, mawingu ya mvua yakiruhusu. Chuma chake ni kama theluthi tu ya chuma cha jua. Chuma hupikwa ndani ya nyota, na nyota zifapo hukimwaga angani. Basi zile zilizotangulia kuzaliwa, kwa kawaida, zilipata haba. Tena nyota ya namna hii hupunguza mwendo wa kujizungusha kadiri inavyozeeka. Alama moja haitoshi. Hupimwa pamoja, na masafa yake pia, ili ijulikane kama nyota yang'aa kwa ukubwa au kwa ukaribu. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa Desemba 2013, kilipima masafa ya nyota zaidi ya bilioni moja hadi Januari 2025.

Jua lina umri wa miaka bilioni 4.6. Tau Ceti wengi huikadiria kuwa ya kale zaidi, ingawa hawaafikiani ni kwa kiasi gani, nao huandika wazi kuwa huenda wamekosea kwa miaka bilioni kadhaa. Mpiga ramli gani asemaye hivyo?

Baba yake naye tumemwandikia, tukimwomba atoke nje na mwanawe usiku mmoja.