Si Uvivu, Bwana Mnyapara

Ndugu wanachama, ugonjwa wa maltipo sklerosisi huambua ganda la mishipa ya fahamu, mfano wa waya wa simu uliochubuka mpira. Huwapata zaidi wanawake, mara 2 au 3 kuliko wanaume. Baadhi yao huona miguu mizito na uchovu siku chache kabla ya hedhi. Sababu moja yadhaniwa ni joto: yai likisha kutoka, homoni hupandisha joto la mwili kidogo, na mishipa iliyochubuka haistahimili joto. Siku zikipita nguvu hurudi, basi mnyapara humwita mwongo!

Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mgonjwa mwenye cheti cha daktari angalau siku 7 za mshahara kamili, na 7 za nusu, kwa mwaka. Hedhi haiji mara moja kwa mwaka. Twadai kiti, kivuli na kazi nyepesi siku hizo, na iandikwe katika mapatano.