BEGI LA TURUBAI LA NYAKANAZI MNALICHEKA, LA TANGA LA ULAYA MNALIPOSTI! MASTAA, LEO TUONGEE

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina povu, na naomba mnivumilie mpaka mwisho, maana hili jambo limenikaa kifuani tangu mwaka jana. Majina sitaji, mnanijua. Anayehusika atajijua. Na nyie mnaopenda kubahatisha kwenye komenti, bahatisheni kwa adabu.

Iko hivi. Kuna dada mmoja staa, nyimbo zake mbili zimetamba, wafuasi anao kibao. Mwaka jana alikuja kupiga shoo huku kwetu Biharamulo. Uwanja ulijaa hadi watu wakapanda miti. Mashabiki wake, vijana wa bodaboda na akina mama wa sokoni, walichangishana wampe zawadi. Wakanunua begi kubwa la kuvaa begani, limeshonwa kwa turubai la lori na fundi mmoja wa Nyakanazi. Rangi ya buluu iliyopauka, mikono ya mkanda wa siti ya gari, ndani kimfuko cha simu. Mtu alikaa siku mbili na sindano akalitengeneza.

Dada akalipokea kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya aliyekufa. Akaligeuza, akasogeza maiki mdomoni, akasema, "Jamani, mmenipa hema la mkimbizi?"

Uwanja mzima ukacheka. Na mimi nilikuwepo, sitaki kuwadanganya, nilicheka pia. Begi lilibaki nyuma ya jukwaa. Kijana wa kufunga spika ndiye aliyeondoka nalo.

Sasa mwezi uliopita naperuzi Instagram, namuona nani? Dada yuleyule. Ufukweni, miwani usoni, begani kaning'iniza begi jeupe lenye namba kubwa ya buluu. Chini kaandika Kiingereza kirefu, kwamba begi limeshonwa kwa mkono kutokana na tanga kuukuu la boti, kwamba yeye ni mtu wa mazingira, kwamba taka ni mali. Picha ya pili risiti imejitokeza kwa ile bahati mbaya ya makusudi. Dola 160. Ukizipiga kwa hela yetu inakaribia laki nne.

Begi la Nyakanazi liliuzwa shilingi 12,000.

Hapo ndipo povu langu lilipoanza.

KITAMBAA NI KILEKILE

Mimi nimeishia fomu foo, lakini kusoma nasoma. Nikaanza kufuatilia haya mabegi ya tanga yanatoka wapi. Kumbe si ya jana. Kule Portland, jimbo la Maine, Marekani, kuna kampuni inaitwa Sea Bags. Tangu 1999 inachukua matanga ya boti yaliyochoka, inayakata na kushona mabegi. Tanga la kisasa mara nyingi ni poliesta. Jua na upepo vikilipiga miaka kadhaa linalegea, linapoteza umbo, halivuti tena boti vizuri. Lakini kitambaa chenyewe bado kigumu. Kwa hiyo kinakuwa begi.

Haya, njoo kwenye turubai la lori. Lile zito la malori ya masafa ni wavu wa poliesta uliopakwa plastiki juu yake ili maji yasipite. Linatoka bandarini Dar, linapanda Morogoro, Dodoma, Singida, linakuja Kahama, linapita Nyakanazi, linashuka Benaco mpaka Rusumo, linaingia Rwanda. Kamba zinalisugua pembeni, jua linalipasua kwenye mikunjo. Kingo zinakufa, katikati bado chuma. Fundi analinunua kwa dereva, analisugua kwa sabuni na brashi, anakata pale katikati.

Umeona? Poliesta na poliesta. Moja limesukumwa na upepo wa bahari, lingine limepigwa na upepo wa barabara. Na ukienda ziwani, utakuta tanga la mtumbwi limeungwaungwa kwa viroba, na linapeleka watu kuvua. Kwa hiyo hata mpaka kati ya tanga na turubai ni mpaka wa kichwani mwako tu.

Na kama unadhani turubai la lori haliwezi kuwa fasheni, sikia hii. Mwaka 1993 huko Zurich, Uswisi, ndugu wawili, Markus na Daniel Freitag, waliona malori yakipita karibu na nyumba yao. Wakachukua turubai kuukuu la lori, mkanda wa siti ukawa mkono wa begi, mpira wa ndani wa baiskeli ukawa pindo. Leo Freitag ni jina kubwa duniani, na begi lao moja lipo kwenye mkusanyo wa jumba la sanaa la MoMA, New York. Turubai la lori, mkanda wa siti. Yaani kitu kilekile ambacho pale Biharamulo kilishikwa kwa vidole viwili!

TUSIDANGANYANE, TUNAJUA KWA NINI TULICHEKA

Watu wa Dar mnaweza msielewe lile neno "hema la mkimbizi" linachoma vipi huku. Acha niwaeleze.

Mwezi Aprili 1994, wakati mauaji ya kimbari yanaendelea Rwanda, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya takriban saa 24. Siku moja tu! Benaco, mahali pa kusimama malori, pakageuka mji wa maturubai. Wazazi wetu wanasema ukisimama kilimani ulikuwa unaona plastiki mpaka macho yanachoka. Baadaye wakaja wengine kutoka Burundi, kambi ya Lukole ikaendelea hadi 2008. Sisi tuliozaliwa baadaye tulikuta turubai limeshakuwa kitu cha kawaida, linaezeka jiko, linafunika maharage, linaanikiwa muhogo. Na tulikuta limeshakuwa tusi.

Mimi niko kidato cha pili pale Ngara, mama alinishonea begi la shule kwa turubai. Hela ya begi la dukani haikuwepo. Mvua ikinyesha, madaftari yangu ndiyo yalikuwa makavu darasa zima. Lakini jina langu likawa "Mkimbizi". Kuna wiki nilikuwa nalificha begi kichakani kabla ya kufika shule, naingia na madaftari mkononi. Siku moja nikarudi sikulikuta. Nikamwambia mama limeibiwa. Mpaka leo hajui, labda atajua akisoma hapa. Mama nisamehe.

Ndiyo maana nasema nilipocheka siku ile uwanjani, sikumcheka fundi. Nilikuwa najicheka mwenyewe kabla watu hawajaniwahi.

Sasa mniambie, aibu ilikuwa ya nini? Mtu aliyekimbia panga, akalala chini ya turubai na watoto wake, wakaamka wakiwa hai, hilo turubai lina kosa gani? Lilifanya kazi ambayo nyumba yake ilishindwa kuifanya. Kiswahili chetu kina neno matanga. Matanga ni ya chombo baharini, na matanga ni kilio cha msiba. Siku za msiba zikiisha tunaanua matanga, watu wanarudi mashambani, maisha yanaendelea. Sisi huku tumekaa kwenye matanga ya turubai zaidi ya miaka thelathini. Tuyaanue jamani.

"LAKINI KAZI ZA MAFUNDI WETU..."

Najua mtakachoandika hapo chini. Mtasema, "Admin acha hasira, kazi za mafundi wetu hazina umaliziaji, zipu inakufa wiki ya pili, nyuzi zinaning'inia."

Sawa. Kuna ukweli. Nilikwenda Nyakanazi kwa huyo fundi mwenyewe, ambaye kwangu ni baba mdogo, nikamuuliza.

"Baba mdogo shikamoo. Mbona unaweka zipu za bei rahisi?"

"Marahaba mwanangu. Zipu ngumu wananiuzia 2,500. Mteja ananipa 7,000 kwa begi zima na anataka nimrudishie chenji ya soda. Wewe piga hesabu."

Nikapiga hesabu. Turubai, uzi wa nailoni, mkanda, zipu, siku mbili za kazi. Hakuna kinachobaki. Tena zile 12,000 za begi la staa ndiyo ilikuwa bei yake ya juu mwaka mzima. Baada ya ile video ya shoo kusambaa, akina mama wawili waliokuwa wameweka oda wakaja kughairi. Mmoja akamwambia kabisa kwamba hawezi kwenda nalo kanisani, watamwita jina.

Nikamuuliza kama aliumia. Akaendelea kupitisha sindano, akasema, "Turubai halinipi aibu. Aibu ni mtoto kwenda shule hana daftari."

Sasa rudini kwenye hoja yenu. Mnataka umaliziaji wa laki nne kwa hela ya chipsi mayai. Mzungu mnamlipa kwanza, ndipo anaweka zipu nzuri. Wa kwetu mnataka aweke zipu nzuri kwanza, halafu mbishane bei. Fundi hakui kwa kusifiwa, anakua kwa kulipwa.

Na mafundi nao nawapa zao, leo hakuna anayebaki salama. Acheni kuuza kwa huruma, "ninunulie tu dada, hata buku tano." Mtu akikununua kwa huruma leo, kesho huruma yake anaihamishia kwingine. Suukeni turubai mpaka harufu ya dizeli iishe. Wekeni bitana. Na kila begi liwe na jina la fundi ndani, na maelezo kwamba turubai hili limetembea kutoka wapi mpaka wapi. Angalieni Lamu, hapo tu kwa jirani zetu wa Kenya, watu wa Kiswahili kama sisi. Kuna karakana inaitwa Ali Lamu, inachukua matanga makuukuu ya majahazi, inayapaka rangi na maneno, inatengeneza mabegi, na wageni wananunua. Hawafichi kwamba tanga lilishachoka. Hicho ndicho wanachouza, ule uchovu wa baharini. Sisi uchovu wa barabara ya Rusumo tunauonea haya.

Na jambo moja nisieleweke vibaya. Sisemi mtu akakate turubai la mtu anayelihitaji kulala. Hata leo Kigoma kuna wakimbizi, na turubai lao ni nyumba yao, liacheni. Nazungumzia malori, yanayopita hapa usiku na mchana na kuacha maturubai yaliyochoka.

NENO LA MWISHO KWA DADA STAA

Dada, sina chuki na wewe. Nyimbo zako nazipenda, hata hiyo mpya naisikiliza ninapoandika hapa. Begi lako la tanga ni zuri, na waliolishona walifanya kazi halali. Beba, tamba nalo, hela yako.

Sikuombi uombe radhi laivu, maana hizo radhi tunazijua, machozi dakika tatu kisha kiki wiki nzima. Ninachokuomba ni kidogo. Ulisema taka ni mali. Basi sema hivyo pia ukiwa Biharamulo, siyo ukiwa ufukweni tu. Ukipita tena barabara hii, simama Nyakanazi dakika kumi. Uliza fundi wa turubai, bodaboda yeyote atakupeleka. Nunua begi, lipa bei ambayo usingeona aibu kuiacha kwenye risiti, na muulize jina lake. Ukiliposti, liandike hilo jina.

Juni 2019 serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, nchi nzima tulihangaika kutafuta mbadala. Mbadala mwingine ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wa kibanda cha baba mdogo, hakuna aliyeuangalia mara mbili.

Mimi nimeshaagiza langu. Buluu, mikono ya mkanda wa siti, zipu ya 2,500, nimelipa 30,000 bila kubembeleza punguzo. Nitalibeba Ngara mjini, nitapita nalo mbele ya shule niliyosoma, na kichakani silifichi tena.

Haya, uwanja wenu. Nani hapa aliwahi kuficha kitu kizuri alichoshonewa nyumbani kwa sababu watu walicheka? Dondosha komenti, leo tuambizane ukweli.