BARUA YA BWANA SHAMBA: Je, Muziki Huzaa Wezi?

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyaweka ghalani. Mwezi huu nilitaka kuendelea na habari za dumuzi. Lakini kuna jambo limetokea katika kijiji kimoja ninachokihudumia. Nimeona lisipite bila kulizungumza. Dumuzi tutamrudia.

Jambo lenyewe ni hili. Baada ya mavuno, wizi ulianza. Wiki ya kwanza yaliibwa magunia mawili ya mahindi. Wiki ya pili wakaibwa mbuzi watatu. Wiki ya tatu mama mmoja mjane aliamka akakuta ghala lake limetobolewa kwa nyuma. Alikuwa na magunia manne. Yalibaki mawili. Mama huyo ana watoto watano. Nilipiga naye hesabu. Magunia mawili ya kilo mia mia, kwa watu sita, ni chakula cha miezi mitatu hivi. Mavuno mengine yalikuwa mbali bado.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano chini ya mwembe. Mzee mmoja alisimama akasema:

"Wezi tunawajua. Ni vijana wa pale sokoni. Kutwa wanapiga kwenye spika zao nyimbo za bunduki na fedha za haraka. Mtoto akisikia wizi unasifiwa kila siku, naye ataiba. Halmashauri ya kijiji ipige marufuku muziki huo, na vijana hao wafukuzwe."

Watu wakapiga makofi. Kijana mmoja alinyoosha mkono, lakini hakupewa nafasi. Kisha mzee akanigeukia. "Bwana Shamba, wewe umesoma. Unasemaje?"

Nilimwamkia kwanza. Kisha nikasema: "Mzee wangu, mahindi yakigeuka njano, wewe huwa unaniita. Mimi husemi dawa kabla sijaingia shambani. Huenda udongo umekosa mbolea. Huenda maji yametuama. Huenda ni ugonjwa wa michirizi. Mkulima anayekisia hununua dawa isiyo ya ugonjwa wake. Fedha inakwenda, na mahindi yanakufa. Leo nasi tusikisie."

Ndipo nikawaeleza habari za jirani zetu wa Rwanda. Nawaelezeni na ninyi, kwa sababu swali letu la chini ya mwembe liliwahi kuulizwa mbele ya majaji, tena hapa kwetu Tanzania.

Mwaka 1994 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Wazee wa Ngara wanaukumbuka mwisho wa Aprili mwaka ule. Zaidi ya watu 200,000 walivuka mpaka pale Rusumo kwa siku chache tu, wakikimbia vita. Nchini Rwanda kulikuwa na mauaji ya kimbari, yaani kuua watu kwa nia ya kulimaliza kabila lao. Tangu tarehe 7 Aprili hadi katikati ya Julai waliuawa zaidi ya watu 800,000, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Wengi wao walikuwa Watutsi. Waliowaua walikuwa askari, wanamgambo, na hata majirani zao.

Kulikuwa na redio iliyoitwa RTLM. Ilianza kutangaza Julai 1993. Vijana waliipenda kwa sababu ilipiga muziki mzuri. Lakini kati ya wimbo na wimbo, watangazaji walitia chuki. Waliwaita Watutsi mende. Mauaji yalipoanza, walitaja hata majina ya watu na mahali walipojificha.

Redio hiyo ilipiga nyimbo za Simon Bikindi. Bwana huyu alikuwa mwimbaji mashuhuri, mtumishi wa wizara ya vijana, na kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Irindiro.

Novemba 1994 Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya kuwahukumu waliohusika na mauaji yale. Mahakama hiyo ilikaa Arusha mpaka ilipofungwa mwaka 2015. Bikindi alikamatwa Uholanzi mwaka 2001, akaletwa Arusha mwaka 2002. Hukumu yake ilitolewa tarehe 2 Desemba 2008.

Majaji walizichunguza nyimbo zake tatu. Walisema mbili kati ya hizo zilitungwa ili kueneza chuki ya kikabila, na kwamba mwaka 1994 zilitumiwa kuwachochea watu. Lakini hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba alizitunga kwa nia ya kuleta mauaji. Wala hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba yeye ndiye aliyezieneza mwaka ule. Kwa hiyo hakufungwa kwa ajili ya nyimbo.

Alifungwa kwa jambo jingine. Mwishoni mwa Juni 1994, katika barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, alisema kwa kipaza sauti cha gari, akiwahimiza watu wawaue Watutsi. Kwa maneno hayo alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Mwaka 2010 rufani yake ilikataliwa. Alifariki mwaka 2018.

Sasa tazameni jambo hili. Wimbo mmoja katika zile tatu uliimbwa tangu mwaka 1987. Mauaji yale yalikuja miaka saba baadaye. Maneno ya wimbo yalikuwa yaleyale. Ni nini kilichobadilika?

Kilichobadilika ni udongo. Vita vilianza Oktoba 1990, na watu wakaingiwa na hofu. Wanamgambo walifundishwa, wakapewa silaha. Viongozi waliamuru watu wauawe. Vizuizi viliwekwa barabarani.

Wakulima wa mahindi na mtama wanakijua kiduha. Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi. Hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi, imelala. Haioti mpaka mzizi wa mmea kama mhindi au mtama uikaribie. Na katika udongo uliochoka ndiko inakoshambulia sana. Wimbo wa chuki ni kama mbegu hiyo. Peke yake hauoti. Lakini si salama kuupanda, kwa maana hujui udongo utakuwaje kesho.

Wataalamu nao wamechunguza. Mmoja, Scott Straus wa Marekani, aliwauliza zaidi ya wafungwa 200 waliokiri kuua. Wengi hawakusema redio ndiyo iliyowatoa nyumbani. Walisema waliitwa na watu waliowafuata ana kwa ana. Mwingine, David Yanagizawa-Drott, alilinganisha vijiji vilivyoisikia RTLM vizuri na vile ambavyo milima ilizuia redio isisikike. Vijiji vilivyoisikia vilikuwa na mauaji zaidi. Kwa hesabu aliyoitoa mwaka 2014, kama sehemu moja katika kumi ya ushiriki wa watu katika mauaji ilitokana na redio ile.

Sehemu moja katika kumi si ndogo. Ni maelfu ya watu. Lakini ukiziba masikio ya kijiji kizima, sehemu tisa bado zimebaki.

Niliyasema hayo chini ya mwembe. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi hizo tisa tuzitafute." Mwenyekiti akampa nafasi yule kijana aliyenyoosha mkono. Kijana akasema: "Mimi mbuzi mmoja kati ya wale walioibwa ni wangu. Na mimi nakaa pale sokoni." Watu wakaguna. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Halmashauri haikupiga marufuku muziki wala haikumfukuza mtu. Iliamua mambo mawili. Spika zizimwe saa tatu usiku ili watu walale. Na zamu za ulinzi zianze, wazee na vijana pamoja.

Usiku wa tisa walinzi waliwakamata watu watatu wakipakia magunia kwenye pikipiki. Hawakupigwa. Walipelekwa polisi. Mmoja alikuwa mnunuzi kutoka mjini, aliyekuwa akinunua mahindi usiku bila kuuliza yametoka wapi. Wa pili alikuwa kijana wa pale sokoni, mpenda muziki kweli. Wa tatu alikuwa baba wa watu, mwimbaji wa kwaya, mwenye deni lililomshinda.

Je, tufunge na kwaya?

Nami nina la kukiri. Kijana yule aliwahi kunijia mara mbili akiomba nimsaidie kupata kipande cha shamba. Nilimwambia angoje. Alingoja miaka miwili. Sisemi kwamba hana kosa. Ameiba chakula cha yatima, na atajibu mwenyewe. Lakini niliposikia jina lake, sikuufikiria wimbo hata mmoja. Nilifikiria zile mara mbili alizosimama mlangoni pangu.

Magunia ya mama mjane hayakurudi, yalikwisha uzwa. Wanakijiji wamemchangia debe moja moja.

Ndugu wasomaji, ushauri wangu ni huu.

Kwanza, wazazi tusikilize wanachosikiliza watoto wetu, na tuzungumze nao. Wimbo wa mwizi ni jambo la kuzungumza nyumbani.

Pili, tuutenge wimbo unaowaita jirani zetu wadudu au nyoka. Huo usichekewe. Na akitokea mtu na kipaza sauti akataka watu wapigwe au wauawe, huyo si mwimbaji tena. Apelekwe kwenye sheria mara moja.

Tatu, wizi ukitokea, tuchunguze kwanza. Nani ananunua usiku? Nani ana deni? Kijana gani hana shamba wala kazi? Ghala gani lina tundu?

Katika vikundi vyenu vya kusoma, jadilini maswali haya:

1. Kwa nini majaji wa Arusha walimfunga Bikindi?
2. Kiduha huota wakati gani? Kinafananaje na wimbo wa chuki?
3. Katika kijiji chenu, ni vijana wangapi wanangojea shamba? Wamengoja kwa muda gani?

Swali la tatu nimeanza kulijibu mwenyewe. Nimeandika majina kumi na moja, na nimeyapeleka kwa mwenyekiti.

Mwezi ujao tutarudi kwa dumuzi. Zibeni matundu ya maghala yenu.

Ndimi, Bwana Shamba wenu.