Unasema 'Anajiskia', Kumbe Hakuskii

Kuna yule msee wa klasi yenu mlikuwa mnamuita kutoka nyuma, hageuki. Mkasema anajiskia. Manze, labda hakuwa anawaskia tu.

Tukisema kiziwi, wengi wetu tunafikiria lugha ya ishara na shule spesheli. Lakini kuna mateenager kibao wako katikati: wanaskia nusu nusu, wako shule za kawaida, na hawasemi. Wengine ilianza na homa ya uti wa mgongo. Wengine maskio yalitoa usaha tangu wakiwa watoi na hakuna mtu alishughulika. Sensa ya 2019 ilipata watu zaidi ya 150,000 wenye shida kubwa ya kuskia, na hapo hujahesabu wanaoficha.

Mbona wafiche? Mashine ya kuskia inaonekana, saa zingine inapiga mluzi, na ukiwa na miaka 15 hutaki kuitwa guka. So inakaa kwa droo, ye anabaki kusoma midomo. Hebu simama mbele ya kioo, bila sauti, useme "mama" halafu "baba". Umeona? Midomo inafanya kitu moja. Sasa weka ticha anaongea akiangalia ubao, ama mko base usiku watu sita, kila mtu anadandia stori ya mwenzake.

Halafu kuna hii hatuongelei. Sheng hakuna mtu hufunzwa. Unaidaka kwa mat, kwa base, kwa stori zisizokuhusu. Neno linaingia mtaa Jumatatu, Ijumaa limeshazeeka. Mtu haskii stori za pembeni anaachwa nyuma na lugha ya rika yake. Anacheka mkicheka, na hajui mnacheka nini. Akiuliza mnamshow, "Aah, wacha tu, si kitu." Akiambiwa "wacha tu" mara kumi kwa siku, anaacha kuuliza. Baadaye anaacha kukam.

Serikali nayo? Kwa karatasi iko. Katiba ya 2010 inasema Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha rasmi ya Bunge, sawa na Kiswahili na Kizungu. Sheria ya 2003 ilitaka TV ziweke mkalimani ama maandishi kwa taarifa ya habari, na Mei 2025 Ruto akatia saini sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Poa. Lakini ni teenager gani anangoja habari za saa moja? Maisha yao iko TikTok, na huko video kibao hazina maandishi. Hata sisi wa tovuti tunaposti mahojiano bila neno moja chini, so sijitoi.

Kama ni beshte yako, mguse bega kwanza. Mwangalie ukibonga, toa mkono mdomoni, na usipayuke, midomo inapinda maneno hayasomeki. Ile voisi ya dakika tatu, andika. Joki ikimpita, irudie yote, hata kama imepoa.

Na wewe na earphone zako usijione uko sawa. WHO inasema sauti ya desibeli 100, mwisho wa salama ni dakika 20 kwa wiki. Na vile najua jam ya Rongai ukiwa ndani ya nganya, haijawahi isha na dakika 20.