Samaki Mkavu Naye Hukunjika

Muhula uliopita, katika somo la fasihi simulizi, tulipewa methali "Samaki mkunje angali mbichi" tuieleze. Darasa zima liliandika jambo moja: mtoto asipoonywa mapema, akifika ujana ameshaharibika, hakunjiki tena. Mimi pia niliandika hivyo, nikapata alama nzuri. Leo nataka kuzirudisha alama zile.

Nani kati yenu, wenzangu, amewahi kupika samaki mkavu? Nendeni soko la Owino mkawaone akina mama wauzao samaki wa moshi. Ni mgumu kama ubao. Jioni unamlowesha katika maji ya vuguvugu, asubuhi anakunjika bila kuvunjika. Anayemkunja kwa nguvu akiwa bado mkavu ndiye anayemvunja, halafu anamlaumu samaki.

Nayasema haya kwa sababu viongozi wetu wa wanafunzi wameandaa rasimu ya mfuko wa msaada wa karo, na ndani yake mna sharti: mwombaji alete barua ya tabia njema kutoka shule aliyosoma mwisho. Walioiandika ni rafiki zangu. Lakini sharti hilo ni ile methali yetu iliyovalishwa tai.

Mimi nilifukuzwa shule nikiwa na miaka 14, kwa kupigana. Ni kweli nilipigana. Ni kweli pia kwamba baba alikuwa amefariki na karo ya mihula miwili haijalipwa, na ugomvi ule uliirahisishia ofisi kazi yake. Nikaishia Kisenyi, hapa Kampala: kuokota chupa na vyuma chakavu, kunusa mafuta ya ndege ili njaa ipungue, kisha kung'oa vioo vya magari yaliyokwama kwenye foleni. Simsingizii mtu, ingawa insha zetu hupenda kuwataja "marafiki wabaya". Rafiki mbaya nilikuwa mimi.

Nilikamatwa mara nne, na hata mara moja haikuwa kwa ajili ya vioo. Nilikamatwa kwa kulala barazani. Sheria ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza ilimruhusu askari kumchukua mtu kwa kumshuku tu kuwa mzururaji, mpaka Mahakama ya Katiba ilipobatilisha sehemu ya kifungu cha 168 mwezi Desemba 2022. Kwangu ilichelewa. Huko mahabusu ndiko nilikojifunza Kiswahili, lugha ambayo wazee wengi hapa Buganda, wakikumbuka miaka ya Amin, bado huiita ya wanajeshi na wezi. Lugha hiyo hiyo ilifanywa rasmi ya pili katika katiba mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kiswahili hakikudaiwa barua ya tabia njema.

Aliyenigeuza ni fundi wa rejeta katika soko la Kisekka. Si mtakatifu: alikuwa ameshanunua kwangu vioo viwili. Nilipompelekea cha tatu alikitazama sana, akasema, "Kijana wangu, mwenye kioo hiki namjua, namrudishia. Wewe kesho njoo mikono mitupu."

"Nije kufanya nini, mzee?"

"Kushika."

Basi nikawa mshikaji: yeye achomea, mimi nashika. Kwa miezi mitatu sikupewa hata ufunguo wa kabati, na nilistahili kutoaminiwa. Nilitoroka mara mbili. Mara zote mbili nilirudi nikakuta sahani yangu ya mchana bado inahesabiwa kwa mama lishe. Hayo ndiyo maji niliyoloweshwa. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa na miaka 22, na chuoni nimeingia kwa mlango wa wenye umri wa miaka 25 na zaidi.

Siku hizi naalikwa kutoa ushuhuda. Watu hupiga makofi, kisha huuliza ni nguvu gani ya moyo iliyonitoa mtaani. Nikijibu kwamba ilikuwa sahani, naona nyuso zinapoa.

Mtasema fedha ni kidogo, na si kila aliyepotea hubadilika. Sikatai. Kati ya wale tuliolala baraza moja, wawili wamekufa na mmoja yuko Luzira. Lakini barua ya mwalimu mkuu haiwezi kutuambia nani amebadilika, kwa maana iliandikwa kabla hajabadilika.

Ijumaa rasimu inapigiwa kura. Nitaomba maneno "kutoka shule aliyosoma mwisho" yafutwe, paandikwe "kutoka kwa mtu yeyote aliyefanya naye kazi au kuishi naye kwa mwaka mmoja". Walimu wetu mnaoketi kwenye kamati, nawaomba mniunge mkono. Fundi wangu hajui kuandika. Ataweka dole gumba.